JICHO LA MCHUNGAJI NA MKWAJU WA PENALTI

Msomaji wa pwani akitajiwa Buna huenda akadhani yatajwa kahawa, kwani Waborana kahawa huiita buna, nasi twaijua buni. Buna tunayoisema hapa ni mji mdogo wa kaunti ya Wajir, kaskazini ya mji wa Wajir wenyewe, katika njia ya kwendea Moyale. Ni nchi ya ngamia, mbuzi na jua kali, na watu wake ni Waislamu kama sisi. Sifa moja wapewayo wafugaji wa huko, hata katika mabaraza yetu, ni ukali wa macho. Mchungaji humtambua ngamia wake pale wewe uonapo doa tu, na akimpotea humfuata kwa nyayo hata ampate. Basi wako wasemao kwamba tukitaka walinda lango hodari na wapigaji wenye shabaha, twende tukawatafute huko, maana macho wanayo tayari.

Maneno hayo yafaa yapimwe. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Harambee Stars ilitolewa na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, kiwanjani Kasarani, kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1. Nazo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na mpira mkali hufika langoni kwa muda wa kama nusu sekunde. Kipa akingoja auone mpira waenda wapi ndipo aruke, amekwisha chelewa. Je, jicho laweza kusomeshwa kuwahi?

Huko Ulaya na Marekani imekuwa biashara kamili. Zipo miwani ambazo vioo vyake hufumba na kufumbua mara kwa mara ili mchezaji azoee kuudaka mpira aliouona nusunusu. Zipo mbao za taa, ambapo kila taa iwakayo lazima uipige upesi. Wapenzi wa Manchester United watakumbuka pia tarehe 13 Aprili 1996, timu yao ilipovaa jezi za kijivu mbele ya Southampton, ikaenda mapumziko imefungwa 3-0. Ferguson akawavua jezi zile, na mchezo ukaisha 3-1. Ilielezwa kwamba wachezaji hawakuonana vyema, rangi ikipotelea katika umati. Watu walicheka sana, na kicheko kilikuwa na haki yake, maana Southampton nao walicheza.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri, alieleza katika Kitab al-Manazir, mwanzoni mwa karne ya 11, kwamba jicho halitoi miali, bali nuru ndiyo iingiayo jichoni. Tena akaongeza lile lituhusulo zaidi: sehemu kubwa ya kuona ni hukumu ya akili, nayo hutegemea yale mtu aliyokwisha kuyaona na kuyazoea.

Utafiti wa siku hizi waelekea huko huko. Uholanzi, mwaka 2002, Savelsbergh na wenzake waliwaonyesha walinda lango filamu za penalti, wakafuatilia macho yao. Wazoefu walitazama zaidi miguu ya mpigaji na mpira. Wasio wazoefu walipoteza wakati kwenye kiwiliwili, mikono na nyonga. Tofauti ilikuwa mahali pa kuliweka jicho. Exeter, Uingereza, mwaka 2011, Wood na Wilson waliwafunza wachezaji wa chuo kikuu kulituliza jicho pale wanapotaka mpira wende, badala ya kumkodolea kipa. Mazoezini, mikwaju yao iliyodakwa ilikuwa nusu tu ya ile ya wenzao. Walipoingizwa katika mashindano ya penalti, roho zikidunda, faida ile ya shabaha haikudumu, ingawa macho yao yalitulia vile vile. Hilo wauza miwani hawalitangazi. Na huko Australia, mwaka 2001, mazoezi ya jumla ya macho yalipojaribiwa, waliyoyafanya hawakuendelea mchezoni kuliko wasiyoyafanya.

Tukirudi Buna, basi, sifa ile yapata maana nyingine. Mchungaji ameona ngamia tangu utotoni, asubuhi na jioni, na asiposoma vyema mali hupotea. Huko ndiko kusomeshwa jicho. Lakini elimu hiyo ni ya ngamia. Haihamii kwenye mguu wa mpiga penalti mpaka kijana aione mikwaju kwa maelfu, na kwa hilo pahitajika mpira, kiwanja na mwalimu. Kumsifu kijana kwa macho yake kisha kumnyima kiwanja ni dhihaka, nayo kaskazini wameizoea kwa mengi.

Liko jambo ambalo huenda wametuzidi kweli. Watoto washindao nje kwenye mwangaza wa mchana hawapatwi upesi na ugonjwa wa kutoona mbali. Taiwan, ambako ugonjwa huo umeenea mno, tangu mwaka 2010 shule huhimizwa kuwatoa watoto nje kwa saa 2 kila siku. Mtoto wetu wa Mombasa, afungiwaye ndani na simu usoni mpaka usiku, ajiangalie. Hata hivyo jua na vumbi la Buna nalo hudhuru macho, na kijana asiyeona vizuri aweza kuachwa nje ya timu akiitwa mzembe, kumbe alihitaji miwani ya kawaida.

Kumpima si kazi ya gharama. Ubao wa herufi E zilizoelekezwa huku na huku, mita 6 za nafasi na mwalimu aliyeelekezwa vyatosha kumjua wa kupelekwa kwa daktari. Hata kipimo cha simu, Peek, kilijaribiwa Nakuru, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalikaribiana na ya ubao. Ikiwa wakuu wa michezo watafuta vipaji Wajir, ubao huo uingie garini kwanza, na mipira ije kwa gari lilo hilo.