Fundi, toa msumeno wako sebuleni!

Majuzi nilimwita seremala nyumbani kwangu hapa Kisumu anitengenezee kabati la jikoni. Alifika asubuhi na mapema akiwa na msumeno wa umeme, mashine ya kupigia msasa na waya mrefu wa stima. Kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda, alitandika gunia katikati ya sebule na kuanza kazi. Kufikia adhuhuri, nyumba nzima ilikuwa imejaa ukungu wa vumbi. Jioni, mjukuu wangu ambaye ana ugonjwa wa pumu alianza kukohoa, kifua kikalia filimbi, na usiku huo tukamkimbiza hospitalini.

"Lakini mzee, huo ni unga wa mbao tu, si sumu," seremala aliniambia kesho yake nilipomlalamikia. "Tutafagia na utaisha."

Simlaumu yeye peke yake. Mimi ndimi niliyemfungulia mlango, nikaona gunia lile, nikanyamaza. Na hapo ndipo penye hoja yangu leo: vumbi la mbao ndani ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba kabla ya kuwa la fundi.

Msumeno wa mkono hutoa chembe kubwa ambazo nyingi huanguka sakafuni. Msumeno wa umeme huzunguka kwa kasi na kusaga mbao kuwa unga laini, na mashine ya msasa hutoa ulio laini zaidi. Ule tunaoufagia si hatari sana. Wa kuogopwa ni ule usioonekana, ambao huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa na kupenya hadi ndani ya mapafu. Ukifagia sakafu kavu, unaurudisha hewani ili watoto wauvute mara ya pili.

Tena mbao hazifanani. Vumbi la mvule, mti ambao kwa miaka mingi umetumiwa kuunda mashua za ziwani, hujulikana kwa kuwasha ngozi, macho na pua, na huweza kumletea mtu pumu. Zile mbao za kiwandanda zinazotengenezwa kwa unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, ambazo siku hizi zimejaa katika makabati yetu, hutoa vumbi laini mno lililochanganyika na gundi hiyo.

Kwa fundi mwenyewe, hatari ni kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960, madaktari waliwagundua watengenezaji fanicha wa mji wa High Wycombe, Uingereza, wakiugua saratani ya ndani ya pua kuliko watu wengine. Mnamo 1995, idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ililiweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli kwamba saratani hiyo ni ya nadra na huwapata hasa wale waliovuta vumbi kwa miaka mingi. Lakini kijana anayepasua mbao leo pale Kibuye ana miaka mingi ya kazi mbele yake.

Kuna watakaosema serikali iingilie kati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 tayari inadai wafanyakazi wakingwe na vumbi. Hata hivyo, ni mkaguzi gani atakayebisha hodi katika kila nyumba ya Manyatta, Nyalenda na Milimani? Mkaguzi wa sebule yako ni wewe.

Kwa hivyo, mnapopatana bei na fundi, patana naye pia kuhusu vumbi. Kwanza, kazi yote ya kupasua na kupiga msasa ifanyiwe nje, na ndani ziingie mbao zilizokwisha kukatwa. Hapa kwetu mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Basi meza ya fundi iwekwe upande wa nyumba usioelekea ziwa, mbali na nguo zilizoanikwa, omena na madirisha ya jirani. Mvua ikinyesha, kazi isimame, kwa sababu maji na stima ni mauti.

Pili, ikiwa ni lazima kukata kitu ndani, funga mlango wa chumba hicho, ziba nyufa kwa matambara yenye unyevu, fungua madirisha na uzime feni ya dari. Watoto, wazee na wenye pumu waondoke. Fundi aliye na mashine ya kufyonza vumbi aiunganishe na msumeno.

Tatu, leso iliyofungwa puani haitoshi. Fundi avae barakoa ya N95, kama zile tulizozijua wakati wa Korona. Atalalamikia joto la Kisumu, na ana haki. Mpe muda wa kupumzika na maji ya kunywa.

Mwisho, panguseni kila kitu kwa kitambaa chenye maji, kisha mpige deki. Maranda yasiachwe karibu na jiko, na yale ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yasichomwe wala kutandikiwa kuku.

Haya yote yataongeza gharama kidogo, na ni haki mwenye nyumba ailipe. Mjukuu wangu amepona, namshukuru Mungu. Kabati limebaki nusu, na seremala atarudi kulimaliza. Safari hii meza yake itakuwa chini ya mwembe, na barakoa nimekwisha kumnunulia.