Keki Iliyoyeyuka



Ndugu zangu katika imani, mwezi uliopita binti yangu aliingia katika mashindano ya kupamba keki yaliyoandaliwa na akina mama wa mtaani kwetu, hapa Mombasa. Usiku kucha alikesha akitengeneza mawaridi ya krimu ya siagi. Ilipofika adhuhuri, joto la Kaskazi likiwa limekaza, mawaridi yakaporomoka mbele ya waamuzi. Ushindi ukaenda kwa binti wa jirani.

Alirudi nyumbani akilia. “Baba,” akasema, “waamuzi walimpendelea. Hata mkono sikumpa.”

Nakiri mbele yenu kwamba ulimi wangu ulikuwa tayari kumuunga mkono. Njia nyepesi ya kumfariji mtoto ni kuwateta waliomshinda. Lakini hiyo ni gheba, nayo huzaa hasadi baina ya nyumba mbili zinazopelekeana sahani za futari.

Nikamkumbusha kisa alichokipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, asiyekuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akamshinda. Masahaba wakahuzunika. Mtume akawafahamisha kwamba hakuna cha dunia kinachopanda ila Allah hukishusha.

Binti akanyamaza. Baada ya Isha akafuatana na mamake hadi kwa jirani, akampongeza mshindi, kisha akamuuliza siri ya maua yake. Akaelezwa bila choyo: siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na adhuhuri za Kaskazi hapa pwani hufikia joto hilo. Yeye huchanganya siagi na mafuta magumu ya mboga, yanayostahimili joto zaidi, na hupamba keki alfajiri, kabla jua halijapanda.

Lau tungekaa kuwateta waamuzi, elimu hiyo ingetupita, na ujirani ungetiwa doa kwa ajili ya sukari na mayai. Wazazi wenzangu, mtoto akishindwa tusimtafutie wa kumlaumu. Tumpanguse machozi, kisha tumpeleke akatoe mkono wa heri.

Ijumaa iliyopita binti alipamba keki nyingine. Mawaridi yake yalisimama hadi Alasiri, na kipande cha kwanza kilipelekwa kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.