Hori halichimbi kisima: Simu na ruta hazitoshi Banissa

Majuzi nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefunza Banissa, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu chuoni. "Mwalimu, sasa mtandao tumeuweza," aliniambia kwa furaha. Alinieleza kwamba ameiweka simu yake dirishani, mahali pekee nyumbani ambapo mawimbi hushika, akaiunganisha na ruta kuukuu, nayo ruta ikawagawia intaneti walimu wenzake wanne wanaoishi katika ua huo. Nilimpongeza kwa dhati. Hata hivyo, baada ya kuagana nilibaki na swali: je, ni haki mwalimu kujijengea mtambo wa mawasiliano ili aweze kufanya kazi aliyoajiriwa kufanya?

Waama, ujanja wenyewe hauna uchawi. Simu yenye data huwashwa hotispoti, yaani huduma ya kugawa intaneti yake kwa vyombo vilivyo karibu. Ruta nayo hupangwa iwe mteja wa simu hiyo badala ya kutegemea waya. Hupokea intaneti kwa mawimbi, kisha huisambaza upya kwa jina na nywila yake yenyewe. Si kila ruta iwezayo kazi hii, basi mnunuzi na aulize kwanza. Aidha, iwapo simu na ruta hugawa anwani za ndani za namna moja, hubidi za ruta zibadilishwe ili zisigongane. Faida ni dhahiri: simu hukaa palipo na mawimbi, nao watu hukaa palipo na meza. Ruta nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 12, kwa hivyo betri ya sola huweza kuziendesha.

Lakini mipaka ipo. Ruta yenye redio moja hupokea na kutoa kwa zamu, na kasi hupungua yapata nusu. Data inayotumiwa na watu watano hulipiwa na mwenye simu. Zaidi ya hayo, ruta haiongezi chochote juu ya kile kilichofika kwenye simu.

Mfugaji wa Banissa angenielewa upesi. Hori hurahisisha kunywesha ngamia. Badala ya kila mnyama kusubiri ndoo, wengi hunywa kwa pamoja. Hata hivyo, hori halichimbi kisima. Kisima kikikauka, hori hubaki chombo kitupu.

Mwalimu huyu hakuifunga ruta ili ajiburudishe. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilianzisha tathmini ya utendakazi inayojazwa mtandaoni. Baraza la Mitihani (KNEC) hupokea alama za tathmini za shuleni kupitia tovuti yake. Anayemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS. Serikali imezihamishia ofisi zake mtandaoni, lakini njia ya kuzifikia imemwachia mwalimu aitengeneze kwa mshahara wake.

Nikiwa mwanaisimu, naongeza hoja nyingine. Watoto wengi wa Banissa huanza maisha kwa Kigarre, Kisomali au Kiborana. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, hukisikia hasa darasani. Lugha haifunzwi kwa macho pekee; masikio nayo yana haki yao. Mwanafunzi wa Mombasa hukisikia Kiswahili sokoni, barazani na ndani ya matatu. Yule wa Banissa angeweza kukisikia kupitia rekodi za mahojiano, ngonjera na taarifa za habari, lau angekuwa na mtandao wa kutegemewa. Wote wawili hutahiniwa kwa karatasi moja.

Itakumbukwa kwamba shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, runingani na mtandaoni. Julai mwaka huo, maputo ya kampuni ya Loon yalianza kugawa intaneti kutoka angani. Yalihudumia maeneo ya magharibi na kati ya Kenya, Nairobi ikiwamo. Kaskazini Mashariki haikuwamo. Huduma yenyewe ilikoma mwaka wa 2021. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wapo watakaosema kwamba usalama ndio kizuizi. Ni kweli kuwa magaidi wa Al-Shabaab wameshambulia minara ya mawasiliano mara kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na hakuna kampuni inayofurahia kujenga kitu kitakacholipuliwa. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba soko pekee halitatosha. Palipo na hatari, serikali ndiyo yenye wajibu wa kutangulia.

Tena njia zisizotegemea mnara zipo, na serikali inazijua. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Uchaguzi (IEBC) ilitumia vifaa vya setilaiti katika vituo vipatavyo 1,100 visivyofikiwa na mtandao wa 3G. Vituo vingi vya kupigia kura nchini ni shule za msingi. Ikiwa setilaiti inaweza kulifikia darasa siku ya kura, ni kipi kinachoizuia kulifikia siku ya somo?

Wala fedha si kisingizio. Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2009 ilianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni zenye leseni kwa ajili ya maeneo yasiyovutia biashara. Kama Banissa, iliyo magharibi mwa Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia, haistahili kutangulizwa na hazina hiyo, sijui ni wapi kunakostahili.

Nawahimiza walimu na wanafunzi wajifunze ufundi wa simu na ruta, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini tusikubali kuinama kwetu kugeuzwe sera.

Banissa ilikaa bila mbunge kwa miaka miwili na miezi minane, kuanzia Machi 2023 hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025, kwa kuwa kwa muda mrefu IEBC haikuwa na makamishna. Kiti hicho sasa kina mwenyewe. Na aulize bungeni, kwa niaba ya walimu wake: ni shule ngapi za Banissa zimeunganishwa na intaneti, kwa fedha kiasi gani, na zilizosalia zitaunganishwa lini?