LUGHA YA MAZIMWI NA LUGHA YA BIBI



Nilikwenda Kurui, wilayani Kisarawe, kwenye shughuli ya jamaa zetu. Chini ya mwembe alikaa kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amefungua kompyuta yake, akiwaonyesha wenzake mchezo wa vita vya mazimwi. Bibi yake akatoka jikoni akamwambia maneno mawili matatu kwa Kizaramo. Kijana akawageukia wenzake, akasema: "Mmesikia? Hata bibi anasema Kizimwi!" Wote wakaangua kicheko.

Bibi hakukasirika. Alirudia kwa Kiswahili, polepole: "Mume wangu, nimekuuliza kama umekula."

Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kutabasamu. Tabasamu hilo ndilo linalonifanya niandike makala hii.

Hebu kwanza tukitazame hicho "Kizimwi" ni kitu gani. Katika michezo hii, iliyoanza kuchapwa kule Marekani mwaka 1974 kwa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, kila taifa la viumbe hupewa lugha yake. Baadaye yakaja mazimwi yaitwayo orc katika mchezo wa kompyuta wa Warcraft, mwaka 1994. Hao wametoka ulimwengu mwingine kabisa, uitwao Draenor, nao wana maneno yao ya kutishia na ya kuapia vitani.

Lakini sikiliza siri yake. Mwaka 2004 ilipotoka World of Warcraft, inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, wachezaji waligawanywa pande mbili. Mchezaji wa upande wa mazimwi akimwandikia mpinzani wake, mashine huyashika maneno yake na kuyabadilisha, kila neno kwa neno jingine la uongo lenye idadi ileile ya herufi. Akiandika herufi tatu za kicheko, "lol", mwenzake huona "kek". Akiandika salamu, huonekana takataka. Akiomba amani, huonekana takataka.

Umeelewa, ndugu yangu? Nyuma ya lile zimwi yupo binadamu kama wewe. Pengine ni mtoto wa shule, pengine ni baba wa watu aliyetoka kazini. Kinywa chake hakina ila yoyote. Kilichoharibiwa ni sikio la anayemsikiliza. Zimwi halizaliwi zimwi. Hufanywa zimwi siku maneno yake yanapogeuzwa kuwa kelele.

Na msidhani jambo hili liko kwenye mashine tu. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Marekani, Return of the Jedi, katika mfululizo wa Star Wars. Ndani yake yumo rubani mmoja, kiumbe wa sayari ya mbali mwenye mashavu yaliyoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Anasema lugha gani? Sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, naye alisema lugha za kwao Kenya. Dunia nzima ikakaa kwenye viti vya sinema ikidhani inasikia milio ya viumbe wa angani, kumbe ni maneno ambayo mama wa Kenya humwambia mwanawe asubuhi. Sisemi kwamba waliotengeneza filamu walikusudia kutudharau. Nasema kwamba hawakuhitaji kutunga kitu. Kwa masikio yao, sisi tulitosha.

Ugonjwa huu ni wa kale. Wayunani waliwaita wageni kwa neno la kuigiza mtu anayebwabwaja. Waarabu nao walikuwa na neno lao, ajam, la kumtaja asiyesema kwa ufasaha. Mtume wetu (S.A.W.) akaukata mzizi huo katika hotuba yake ya kuaga: Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Naye alipohitaji kuandikiana na Mayahudi wa Madina, hakukicheka kisomo chao. Alimwamuru Zaid bin Thabit akajifunze. Na katika Surat Ar-Rum tumeambiwa kuwa kutofautiana kwa lugha zetu ni katika dalili za Mwenyezi Mungu. Je, mtu huicheka dalili ya Mola wake?

Najua nitakayojibiwa.

Mmoja atasema: "Mchezo ni mchezo tu." Nakubali. Wala siwaambii vijana wavunje kompyuta zao. Lakini anayezoea kwamba asichokielewa ni sauti ya zimwi, huinuka na mazoea hayo kitini. Na wenye mchezo wenyewe wameanza kuulegeza ukuta wao: tangu mwaka 2022 watu wa pande mbili wanaweza kuingia kundi moja na kusaidiana. Mazimwi wamepatana; sisi bado tunamcheka bibi!

Mwingine atasema: "Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Kizaramo cha nini?" Ni kweli, Kiswahili kimetuunganisha, nami naandika kwa Kiswahili. Lakini kuungana si kumfanya mama yako bubu. Bibi yule wa Kurui ana lugha mbili, mjukuu wake ana moja na nusu. Nani kati yao aliyeelimika?

Wa tatu atasema: "Kizaramo si lugha, ni kilugha tu, hakina kanuni." Huyu hajui. Mwaka 1897 Mjerumani A. Worms alichapisha sarufi ya Kizaramo kwa lugha yao. Mgeni aliona kanuni pale ambapo mjukuu anaona kelele. Na tazama kinyume chake: Wamarekani wametunga Klingon, lugha ya majitu ya sinema. Mtaalamu wa lugha, Marc Okrand, akaitolea kamusi mwaka 1985, na Hamlet ya Shakespeare ikatafsiriwa kwa lugha hiyo. Watu wazima hukaa usiku wakijifunza namna jitu lisilokuwepo linavyosema. Wenzetu wamelipa jitu la uongo heshima ya lugha. Sisi tumemnyima bibi wa kweli.

Basi tufanye nini? Sisubiri serikali wala wageni. Nakuambia wewe kijana wa Kurui, wa Kisarawe, wa Kibaha, na wewe uliyehamia mjini: leo usiku kaa na mzee wako. Muulize majina ya miti, ya samaki wa mtoni, ya ndugu wa baba na wa mama. Yaandike katika daftari. Simu unayochezea inarekodi sauti; irekodi ya kwake. Akikusemesha usichokielewa, sema "Bibi, rudia," usicheke.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yule bibi alikujua kabla hujajijua, na neno ulilolicheka lilikuwa la kukupa chakula.

Wabillahi tawfiq.