Kitunguu hakijui Kiingereza

Nimekuwa kimya siku kadhaa, na sababu nitaisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: nilivurunda kazini.

Ilikuwa zamu ya usiku, ile ya kufunga gazeti huku mhariri amekusimamia mgongoni. Ikaingia habari fupi ya Kiingereza kutoka shirika la habari, kuhusu madereva wa malori wa nchi jirani inayotumia Kifaransa. Ilisema mgomo wao ulikuwa "called off". Mimi nikaona "call", nikaona mgomo, vidole vikaandika vyenyewe: "Madereva waitisha mgomo". Kumbe walikuwa wameufuta!

Asubuhi ikaja simu ya mfanyabiashara wa vitunguu. Mzigo wake ulikuwa upokelewe mpakani na malori ya upande wa pili. Alisoma gazeti letu, akamwambia dereva wake asiondoke. Siku mbili, magunia yamefunikwa turubai, jua kali. Unajua kilichofuata. Hakunitukana. Alisema tu: "Mdogo wangu, wewe umesoma, lakini kitunguu hakijui Kiingereza." Heri angenitukana.

Mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye amekulia Bujumbura, akanifungulia habari ileile kwa Kifaransa. Kitenzi kilikuwa kimoja tu: annuler. Kufuta, basi. Hakina mkia wa kukupoteza njia. Mimi nilisoma Kifaransa mihula miwili chuoni, nikakiweka kabatini pamoja na joho. Wiki hii nimekitoa, na nimegundua kitu ambacho mwalimu wangu alikisema nami sikusikia.

Kiingereza kina tabia ya kuchukua kitenzi kidogo na kukifunga mkia. Chukua "put". Ukiongeza "on" unavaa, "off" unaahirisha, "out" unazima moto, na "up with" unavumilia. Kitenzi ni kilekile, lakini maana zote zinakaa mkiani. Mfaransa hana mchezo huo. Yeye atakwambia mettre, reporter, éteindre, supporter. Kila jambo na kitenzi chake.

Sasa rudi kwenye orodha yangu ya Kiswahili: vaa, ahirisha, zima, vumilia. Kila jambo na kitenzi chake! Mwingereza akisema "go up, go down, go in, go out", Mfaransa anasema monter, descendre, entrer, sortir. Sisi tunasema panda, shuka, ingia, toka. Mwingereza husema "he swam across the river", yaani kuogelea ndiko kitenzi, kuvuka ni mkia. Mfaransa husema "il a traversé la rivière à la nage". Na sisi? Alivuka mto kwa kuogelea. Neno kwa neno, ni sentensi ya Mfaransa.

Katika jambo hili, basi, Kiswahili kinakaa karibu na Kifaransa kuliko Kiingereza. Lakini vyumba vyetu vya habari vinaishi kwa Kiingereza, na kila usiku tunaukata mkia na kutafsiri kichwa peke yake.

Ukija kwenye misemo, mambo ni hayohayo. Mwingereza akifa kimzaha, anapiga ndoo teke. Mfaransa anavunja kiko chake (casser sa pipe). Sisi tunakata kamba. Jambo lisilowezekana, Mwingereza anasubiri nguruwe waruke, na Mfaransa anasubiri kuku waote meno. Bei ikiwa mbaya, mmoja anatoa mkono na mguu, mwingine anatoa macho ya kichwani. Na kinachonifurahisha kuliko vyote: kuondoka kimyakimya bila kuaga, Waingereza wanakuita kuondoka Kifaransa. Wafaransa wao husema "filer à l'anglaise", kutoroka Kiingereza! Hebu mtafsirie mmoja msemo wa mwenzake neno kwa neno uone kama hamtagombana.

Wataalamu wameliona hili zamani. Mwaka 1958, Jean-Paul Vinay na Jean Darbelnet walitoa kitabu kizima cha kulinganisha Kifaransa na Kiingereza. Kinaanza na safari ya gari kutoka New York hadi Montreal. Kule Canada wakakuta kibao cha "SLOW" kimetafsiriwa "LENTEMENT", yaani polepole. Neno ni la Kifaransa, lakini dereva aliyetoka Ufaransa amezoea "RALENTIR". Punguza mwendo, kama sisi. Kibao kilikuwa na maneno ya Kifaransa na kichwa cha Kiingereza.

Je, magazeti yetu hayajajaa vibao vya namna hiyo? "Mkutano utachukua nafasi Ijumaa." Nafasi ya nani? Kwa Kiswahili, anayechukua nafasi amemrithi mtu. Hicho ni "take place" kilichovaa kanzu. Mfaransa mkutano wake "una mahali" (avoir lieu), wetu unafanyika. Au "mwisho wa siku", ambayo Mfaransa huisema kwa "en fin de compte", mwisho wa hesabu. Sisi tulikuwa na hatimaye, tulikuwa na mwishowe. Zimekwenda wapi?

Najua mtaniambia lugha zote hukopa. Kweli. Hata Mfaransa na Mwingereza wote wawili "wanacheza" nafasi muhimu, na sisi tumewafuata, wala hakuna aliyeumia. Sigombani na mkopo. Anayekopa anajua anachokichukua na kwa nini. Mimi usiku ule sikukopa. Niliokota neno nisilolielewa nikampa mtu aliyeniamini, na yeye ndiye aliyelipa.

Maana msomaji wetu hana hiyo habari ya Kiingereza mkononi. Hawezi kulinganisha. Ana Kiswahili chetu tu, na kwa hicho anaamua lori liondoke au libaki.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nikimaliza kusoma habari ya Kiingereza, naifunga kabisa. Kisha najiuliza: ningekuwa namsimulia mama nyumbani, ningesemaje? Nikikwama, sijaielewa, na namuuliza mwenzangu wa Bujumbura Wafaransa wameiandikaje. Inachukua dakika tano. Mhariri ananuna. Anune tu.

Gazeti lilisahihisha, mistari miwili, ukurasa wa ndani. Yule mzee nilimpigia tena kuomba radhi. Akaniuliza kama leo nimesoma vizuri. Nikamwambia nimesoma mara mbili.

Haya, na wewe unayefanya kazi ya kutafsiri: lako lililokuumbua ni lipi? Tuambiane. Wiki njema.