Baada ya Kurudisha Spana



Siku fundi anapostaafu, katika karakana nyingi huletewa karatasi ya kutia sahihi, nayo ni orodha ya vyombo. Spana za namba hizi na hizi, nyundo, patasi, tupa, kalipa, praya, bisibisi. Karani wa stoo asoma, fundi arudisha, karani atia alama. Kama spana moja imepotea katika muda wa miaka thelathini, bei yake hukatwa katika fedha za mwisho. Kisha kuna soda na keki, hotuba ya dakika kumi, na pengine saa ya ukutani, na jioni mtu yule huenda kwake mikono mitupu. Mikono iliyojua kusikia ufa wa milimita moja haina hata bisibisi ya kufungulia redio.

Jambo hilo ndilo lililotupeleka Timau Jumapili moja ya mwezi uliopita. Hatukwenda kwa mazishi, ingawa siku hizi twaonana na wastaafu wetu huko zaidi kuliko mahali pengine. Tulikwenda kumwona mzee mmoja, fitta wa zamani, ambaye tulisikia kwamba ana furaha. Twasema kweli, habari hiyo ilitushangaza, tukataka kuiona kwa macho yetu.

Reli haifiki Timau. Njia ile iliyopanda kutoka Thika ilifika Nanyuki karibu na mwaka 1930 ikakoma hapo, na treni ya abiria iliyokuwa imekatika ilirudi huko mwaka 2020. Kutoka Nanyuki ni matatu, kilometa ishirini na kitu kwa barabara ya Meru, mlima upande wa kulia, ngano na shayiri na nyumba za plastiki za maua, na baridi ambayo mtu wa Makadara haamini mpaka imwingie mifupani.

Jina la mzee hatulitaji kwa sababu ametukataza. Asema wezi wa vipuri nao husoma. Alianza kazi ya reli mwaka 1975 akiwa kijana wa mafunzo, wakati East African Railways ilikuwa bado moja kwa nchi tatu, kabla haijavunjika mwaka 1977. Alizikuta injini za moshi katika siku zao za mwisho. Alitoka kazini mwaka 2006, naye ana miaka hamsini.

Nyuma ya nyumba yake pana banda la mabati, na ndani ya banda mna Pijo 404 ya rangi ya maziwa. Vijana waliomo kazini leo hawaijui gari hii, lakini wazazi wetu walipakiwa ndani ya Pijo kama magunia kati ya Nyeri, Nanyuki na Meru. Ni gari lililoshinda mashindano ya Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963 yalitoka magari 84 na yakarudi 7 tu, mengine yote yakabaki matopeni, na Nick Nowicki akaja wa kwanza na 404 yake. Mzee alisimulia mambo haya kama mtu asomaye Injili, nasi tulisimama na vikombe vya chai mpaka chai ikapoa.

Tulimwuliza kwa nini 404. Akafungua boneti. Injini imelala kwa upande, haikusimama wima kama nyingine, na silinda zake zina laina zitokazo. Zikila, mtu hana haja ya kupeleka injini nzima kwenye mashini ya kuchonga. Azing'oa, atia mpya pamoja na pistoni na ringi zake, kazi ifanyike hapo hapo chini ya mti. “Aliyeitengeneza,” akasema, “alijua kwamba kuna watu wanaokaa mbali na mashini.” Twadhani hiyo ni sifa kubwa kuliko kikombe cha mashindano.

Sasa yafaa tueleze jinsi alivyoipata, maana hapa ndipo penye somo la fedha, na wengi wetu twalihitaji. Hakuinunua kwa kiinua mgongo. Aliinunua mwaka 1998, miaka minane kabla ya kutoka, ikiwa maiti chini ya mkaratusi katika shamba la jirani, na kuku wanataga katika kiti cha nyuma. Alilipa kidogo kidogo kutoka mshahara. Kila alipopewa likizo alikwenda na kitu kimoja, leo kabureta, mwaka ujao redieta, mwaka mwingine hakuna kitu kwa kuwa ilikuwa karo ya shule. Gari lilitembea kwanza mwaka 2009. Miaka kumi na mmoja! Mama wa nyumba ile hulitaja gari kwa jina la mke mwenza asiyelima, lakini tulimwona akilifuta kioo kwa kanga yake alipodhani hatutazami.

Linganisheni na ndugu mwingine tuliyemjua, ambaye naye hatumtaji, kwa sababu nyingine. Huyu alichukua kiinua mgongo chote akanunua matatu. Si kwa kupenda magari, hakupata hata siku moja kufungua boneti kwa furaha. Aliambiwa kwamba gari ni fedha itembeayo. Dereva akala, utingo akala, askari wa barabarani wakala, gereji ikala, na mwezi wa nane gari lilikuwa juu ya mawe. Leo anaishi kwa mwanawe. Wako wanaomcheka mzee wa Timau kwa kutunza gari lisilomletea hata shilingi, na hao hao walimsifu yule wa matatu kuwa mtu wa maendeleo. Sisi twasema hesabu ya Timau ni bora, kwa maana yule mzee alijua tangu mwanzo kwamba gari lile litamla, akalipimia chakula chake. Petroli ni lita chache kwa mwezi, za kwenda kanisani na kushuka Nanyuki siku moja moja, basi.

Na gari si yote. Kando ya banda pana meza chini ya dirisha, na juu ya meza ile tulikaa zaidi ya saa mbili. Hapo huunda mifano. Kila mmoja wetu aliyekulia mashambani alipata kuunda gari la waya, magurudumu ya kandambili au ya vizibo vya soda, na fimbo ndefu ya usukani ili mtu asukume akikimbia. Mzee hakuacha. Aliendelea tu, na mkono ukawa hodari zaidi. Mjukuu wake alimletea kutoka Nairobi sanduku la Tamiya, lile la Volkswagen yenye mgongo wa kobe, vipande vya plastiki vya kukata na kubandika. Aliliunganisha kwa majuma mawili. Asema vipande vilikuwa safi mno, havimwachii mtu neno la kusema, lakini aliisifu sana karatasi ya maelezo. Waliochora karatasi ile, asema, hawakumdharau atakayeisoma. Tulitamani wanaoandika matangazo ya mbao za kazini waende Timau wakaione.

Sanduku lile limeandikwa 1 kwa 24, yaani kila inchi 24 za gari halisi ni inchi moja ya mfano. Kwa kipimo hicho hicho mzee anaunda injini ya moshi, naye haundi kwa sanduku bali kwa mabati ya makopo ya mafuta, waya, na misumari iliyotiwa tupa. Ni injini ya daraja la 59. Wazee wataikumbuka: Beyer Peacock wa Manchester walituletea 34, miaka ya 1955 na 1956, kila moja tani 252, na hakuna reli ya mita moja duniani iliyopata kubeba injini ya moshi kubwa kuliko hizo. Urefu wake ulikuwa futi 104. Kwa kipimo cha Timau ni futi nne na inchi nne, nao hautoshi juu ya meza, basi mzee ameongeza ubao wa sanduku la chai upande mmoja.

Injini hizo zilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Ile ya kwanza, namba 5901, iliitwa Mount Kenya. Lakini zilikuwa nzito mno kwa njia ndogo, kazi yao ilikuwa Mombasa na Nairobi, hata 5901 haikupata kupanda kuuona mlima uliobeba jina lake. Ilivunjwa ikawa chuma chakavu. Ndugu zake wawili, 5918 na 5930, walibaki, na ile 5918 yaweza kuonwa katika nyumba ya makumbusho ya reli iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971. Mzee anaunda 5901. Dirishani mbele ya meza yake, mawingu yakiondoka, ndio huo mlima. Hakutuambia kwamba amefanya hivyo kwa kusudi, nasi hatukumwuliza.

Tujualo ni kwamba tulipokuwa pale hakusema neno juu ya mgongo wake wala sukari yake, magonjwa ambayo anayo. Alisema juu ya fimbo za magurudumu, kwamba ya tatu imekuwa fupi kwa upana wa kucha, naye ataifanya upya.

Twajua neno litakalosemwa. Litasemwa kwamba magari ya zamani ni mchezo wa matajiri, wale wanaokwenda uwanja wa farasi wa Ngong siku ya Concours d'Elegance na magari yanayong'aa hata chini ya tumbo, na kwamba chama cha wafanyakazi kina mishahara ya kupigania. Hatukatai kwamba mshahara ni kwanza. Lakini hebu tuulize: wafanyakazi wa dunia walipopigania saa nane za kazi, mpaka zikaandikwa katika mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 1919, saa zilizobaki walizitakia nini? Si usingizi peke yake. Na yule Joginder Singh aliyeshinda Safari mwaka 1965 alikuwa fundi, na Volvo yake ilikuwa imekwisha kutumika na mtu mwingine. Kulipenda gari kuukuu na kulijua ndani na nje ni mali ya fundi kabla ya kuwa mali ya tajiri. Tajiri hulipia tu.

Hata hivyo hatutaki mtu asome habari hii kisha kesho aende kuzoa kila mzoga wa Datsun ulio vichakani. Mzee mwenyewe alitupa maonyo, nasi twayatoa kama alivyoyatoa. Breki kwanza, uzuri wa rangi baadaye. Rangi isipulizwe ndani ya banda lililofungwa, mapafu hayana laina ya kubadilisha. Asiye na nafasi ya banda aunde mifano, maana meza haiombi mahali. Na lolote mtu apendalo, aanze akiwa kazini bado, hata kwa nusu saa Jumapili. Anayengoja kustaafu ndipo aanze hukuta macho yamefifia na fedha ziko mbele yake kwa fungu moja, na fungu moja ni jaribu. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu twadhani jambo hili ni la wazee. Umri wa kustaafu katika utumishi wa serikali uliongezwa mwaka 2009 kutoka 55 hadi 60, na tuliufurahia kama kwamba miaka mitano ile tumepewa bure.

Sasa turudi kwa spana. Mzee alitumia mwaka wake wa kwanza wa kustaafu kutafuta vyombo. Mwaka mzima! Alinunua spana moja moja sokoni, nyingine laini kama sabuni, zikageuka mdomo katika nati ya kwanza. Wakati huo huo sanduku lake la zamani lilikuwa limewekwa stoo, na baada ya muda vyombo vya namba ile huandikwa kuwa chakavu, huuzwa kwa kilo. Mwajiri hapati kitu katika hesabu hiyo. Fundi hupoteza mikono.

Kwa hiyo twaleta ombi, nasi twataka liingie katika mazungumzo yajayo pamoja na mambo ya mishahara, lisiachwe mpaka mwisho wakati kila mtu ameangalia saa. Fundi anayestaafu apewe haki ya kununua vyombo vyake vya mkono kwa bei iliyomo vitabuni, baada ya kuhesabiwa uchakavu. Neno la pili: tarehe ya kwanza ya pensheni iandikwe katika barua ya kustaafu, siku na mwezi, nayo ishikwe. Mtu asiyejua kama mwezi huu atapata au hatapata hawezi kukaa mezani akatia tupa msumari kwa saa mbili. Mkono hutetemeka.

Watakaostaafu kabla ya mwisho wa mwaka na wampelekee katibu wa tawi orodha ya vyombo wanavyovitaka, kwa namba, na hali ya kila kimoja. Asiandike mtu “spana kadhaa”. Na mwenye kujua palipo na kioo cha taa ya nyuma ya Pijo 404, upande wa kushoto, kisicho na ufa, amwambie katibu pia.