Dawa ya Deni ni Kulipa

Ndugu wazazi, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, watoto wengi wa wakulima wamefika chuo kikuu, ambako jembe la baba pekee lisingewafikisha. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini jirani yangu alitia sahihi ya udhamini akidhani fedha zile ni ruzuku. Mwanawe alipoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi ikawa inakatwa kila mwezi. Mzee alimdhania uchoyo. Wakanuniana mwaka mzima.

Basi, kabla ya kutia sahihi, kaeni kitako, baba, mama na mtoto, muisome fomu pamoja. Mkopo hurejeshwa, na anayeurejesha humsomesha mtoto wa mwenzake.